Saratani ya mlango wa kizazi: Tusingoje kuchangia sanda

Mwaka jana, hapa Olmotonyi, tulimzika mama mmoja wa jamaa ya msikiti wetu. Kwa zaidi ya mwaka mzima alikuwa akitokwa na damu ilhali hedhi yake ilikwisha koma. Alimficha mumewe, akawaficha na binti zake. Alipokubali kupelekwa hospitali, maradhi yalikwisha enea.

Sanda, usafiri na chakula cha wafiwa tulivichangia kwa siku moja. Baada ya hitma, tulipofungua daftari la michango ya kamati, tuliinamisha vichwa. Hapakuwa na shilingi hata moja tuliyowahi kuitoa ili mwanamke aende kupimwa angali mzima.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake nchini mwetu miongoni mwa saratani zote. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionesha kuwa zaidi ya Watanzania 10,000 waliugua katika mwaka huo, na zaidi ya 6,000 walifariki. Hata hivyo, ni saratani inayozuilika, kwa kuwa chembe zilizoharibika huchukua miaka mingi kabla hazijawa saratani.

Kuziona chembe hizo hakuhitaji mtambo mkubwa. Muuguzi aliyefunzwa hupaka asidi hafifu ya siki kwenye mlango wa kizazi, akasubiri dakika moja, akaangalia iwapo pana weupe usio wa kawaida. Mabadiliko ya awali yanayofaa kutibiwa papo hapo huondolewa kwa tiba mgando, na mama akarejea nyumbani siku hiyo hiyo. Yanayotia shaka zaidi huandikiwa rufaa. Nchini mwetu uchunguzi huu huwalenga hasa wanawake wa miaka 30 hadi 50.

Tunazo hospitali za kutibu saratani: Ocean Road Dar es Salaam, na KCMC kwa jirani zetu wa Moshi. Lakini haziwezi kumfuata mama jikoni kwake. Anayeweza ni muuguzi wa zahanati, anayemjua kwa jina na aliyewapima uzito watoto wake. Huyo akifunzwa kuchunguza, kushauri na kutunza siri, kijiji kizima kimepata mlinzi.

Tunajua kinachowazuia dada zetu wengi: ni haya, na haya ni katika imani. Lakini wanazuoni wameruhusu sitara kufunuliwa kwa ajili ya tiba, kwa kadiri ya haja, na wametanguliza mwanamke kumhudumia mwanamke. Basi dawa ya haya hiyo ni kuongeza wauguzi wanawake wenye ujuzi, si kuwaacha mama zetu wafe na siri zao.

Wala jambo hili si geni msikitini. Sa'd bin Mu'adh (R.A.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, Mtume (S.A.W.) aliamuru awekwe katika hema la Rufaida, mwanamke aliyekuwa akiwauguza majeruhi, na hema hilo lilikuwa katika msikiti wa Madina.

Kwa hiyo kamati imeazimia mambo matatu. Kwanza, kumwomba Mganga Mkuu wa Wilaya atutazame mafunzo ya wauguzi yatakapopangwa. Pili, kutoa chumba cha madrasa kwa darsa la afya la akina mama. Tatu, kutenga fungu la nauli kwa asiye na uwezo.

Nanyi akina baba, mkeo akikwambia anakwenda kupimwa, usimwulize ana kosa gani. Mpe nauli na umshikie mtoto. Na binti zenu wa miaka 9 hadi 14 wapelekeni wakapate chanjo, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018 na ambayo sasa ni dozi moja tu.

Kutawakali ni kumfunga ngamia kwanza. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu, na atujaalie daftari letu la mwaka huu lisomeke vingine. Amin.