Silaha dhidi ya mazombi

Silaha dhidi ya mazombi ni mada ya kubuni inayopatikana katika filamu, riwaya na michezo ya kompyuta. Swali lake ni hili: kama wafu wangefufuka na kuwashambulia walio hai, mtu angechukua silaha gani ili aokoke? Mazombi wa namna hiyo hawapo. Hata hivyo, swali hilo linasaidia kueleza jinsi chombo kinavyopimwa kwa kazi yake na mahali kinapotumika. Katika Afrika ya Mashariki mada hiyo inakutana na mambo mawili ya kweli: historia ya ulinzi wa Wachagga kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na imani kuhusu misukule.

Asili ya zombi

Dhana ya zombi ilienea duniani kutoka Haiti, na neno lenyewe huhusishwa na lugha za eneo la Kongo, walikotoka wengi wa watumwa waliopelekwa kisiwani humo. Katika imani za Haiti zombi ni mtu aliyetekwa na mchawi, akanyimwa utashi wake na kufanyishwa kazi kama mtumwa. Hivyo zombi wa kwanza hakuwa adui bali mhanga. Filamu ya White Zombie ya mwaka 1932 ilifuata wazo hilo.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na George A. Romero kwa filamu yake Night of the Living Dead ya mwaka 1968, iliyotengenezwa Marekani. Humo wafu wanatembea polepole, wanakuja kwa wingi, wanakula nyama ya watu na wanaangamizwa kwa kupigwa kichwani au kuchomwa moto. Hadithi nyingi za baadaye zimefuata kanuni hizo na kuongeza kwamba sauti huwavuta na kwamba kung'atwa huambukiza. Mwaka 2003 mwandishi Max Brooks alitoa kitabu cha mzaha, The Zombie Survival Guide, ambacho kinalinganisha silaha moja baada ya nyingine kana kwamba hatari hiyo ni ya kweli.

Vigezo vya kuchagua

Kutokana na kanuni hizo za hadithi, silaha hupimwa kwa vigezo vifuatavyo:

- Umbali: chombo kirefu humweka mtu mbali na meno na damu.
- Kelele: silaha yenye mlio mkubwa huita mazombi wengine.
- Mahitaji: bunduki huhitaji risasi, na msumeno wa injini huhitaji mafuta, vyote viwili huisha.
- Uzito: chombo kizito huchosha mkono, na anayekimbia hubeba pia maji na chakula.
- Ujuzi: chombo alichokizoea mtu ni bora kuliko kizuri zaidi asichokijua.
- Matumizi mengine: chombo kinachoweza pia kukata kuni, kuchimba au kubomoa mlango kina faida kila siku.

Vyombo vya Afrika ya Mashariki

Panga hupatikana karibu kila nyumba ya shambani. Ni jepesi, halina kelele na hunolewa kwa jiwe au tupa. Lakini limetengenezwa kwa ajili ya majani, matawi na migomba, si kwa mfupa wa kichwa. Pia ni fupi, kwa hiyo anayelitumia hana budi kusogea karibu.

Shoka lina nguvu zaidi kuliko panga, ila ni zito na hunasa kwa urahisi. Rungu, ambalo hubebwa na wafugaji kama Wamaasai, halihitaji kunolewa. Mchi wa kinu una uzito na urefu wa kutosha kumsukuma adui mbali, lakini hauna wepesi wa kurudiwa mara nyingi.

Mkuki hutimiza kigezo cha umbali vizuri kuliko vyombo hivyo vyote. Udhaifu wake katika hadithi za mazombi ni kwamba jeraha la kifuani au tumboni, ambalo humwangusha binadamu au simba, halimzuii zombi.

Upinde hauna kelele na mshale unaweza kuokotwa tena. Hata hivyo, sumu ya mishale inayojulikana miongoni mwa Wakamba na Wagiriama, inayotokana na mti wa msunguti, hufanya kazi kwa kuusimamisha moyo. Kiumbe ambaye moyo wake umekwisha kusimama asingedhurika.

Bunduki huua kwa mbali, lakini hushindwa katika vigezo vya kelele na mahitaji. Katika Tanzania umiliki wake unahitaji leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Moto nao hauchagui: zombi anayewaka huendelea kutembea, na huweza kuingia katika nyumba au migomba mikavu.

Mfano wa kihistoria: Kilimanjaro

Watu wa Kilimanjaro walilazimika kweli kuchagua namna ya kuokoka wakati wa mashambulizi. Kabla ya ukoloni Wachagga walipigana na Wamaasai waliokuja kuteka ng'ombe, na pia wao kwa wao chini ya watawala walioitwa mangi. Silaha zao zilikuwa mikuki, sime na ngao. Chuma kilitoka hasa kwa wafuaji wa Ugweno katika milima ya Upare, na wahunzi wa Mamba, karibu na Marangu, walijulikana kwa kutengeneza mikuki.

Pamoja na silaha hizo, Wachagga walichimba mahandaki ya kuficha watu na mifugo. Baadhi yake yanaonyeshwa kwa wageni hadi leo huko Marangu. Mlango wa handaki ulikuwa mwembamba, hivyo adui aliingia akiwa ameinama, mmoja mmoja, na mlinzi aliyesimama gizani aliweza kumpiga kabla hajainuka. Katika nafasi hiyo mkuki mrefu hauna maana. Rungu au sime hutosha. Hapo mahali ndipo palipoamua silaha.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 bunduki zilifika mlimani kupitia misafara ya biashara kutoka pwani. Mangi Sina wa Kibosho alikuwa na bunduki pamoja na ngome ya mawe, lakini ngome hiyo ilitekwa na Wajerumani chini ya Hermann von Wissmann mwezi Februari 1891. Mangi Meli wa Moshi aliwashinda Wajerumani mwaka 1892, akashindwa mwaka uliofuata walipokuja na nguvu kubwa zaidi, na alinyongwa tarehe 2 Machi 1900. Ukuta uliofaa dhidi ya mikuki haukutosha mbele ya mizinga, na ushindi mmoja haukumaliza uwezo wa adui aliyeweza kuleta askari wengine.

Mfano wa mjini: Soweto

Soweto ni kata ya Manispaa ya Moshi, chini ya mlima huo. Ikichukuliwa kama mandhari ya hadithi ya mazombi, hali yake ni tofauti na ya handaki la Marangu. Katika nyumba za mjini vitu vya karibu ni panga, fyekeo, jembe, nyundo, mchi na ngazi. Ulinzi mkubwa haumo katika vitu hivyo bali katika nyumba yenyewe: ukuta wa matofali, geti la chuma na madirisha yenye nondo.

Lakini nondo zinazomzuia adui kuingia humzuia pia mwenye nyumba kutoka. Aliyejifungia anahitaji maji, chakula na njia ya pili. Kwa hiyo ndoo zilizojaa na jirani anayeaminika vinaweza kuwa na thamani kuliko silaha ya pili. Nyundo au mtalimbo unaoweza kung'oa nondo kutoka ndani unafaa kuliko upanga wa kwenye filamu.

Misukule na hatari ya kweli

Kiumbe wa imani za Tanzania anayefanana zaidi na zombi ni msukule. Inaaminika kwamba msukule ni mtu aliyedhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe amechukuliwa kwa uchawi, akafichwa na kufanyishwa kazi bila kuweza kusema. Kama zombi wa Haiti, yeye ni mhanga. Katika masimulizi hayo ndugu hawatafuti silaha ya kumwua. Wanatamani arudi nyumbani.

Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu hofu ya viumbe wasioonekana imewahi kuishia katika miili ya watu halisi. Mwaka 1995, wakati wa hofu ya popobawa huko Zanzibar, mtu mwenye ugonjwa wa akili aliuawa na watu waliomdhania kuwa ndiye popobawa. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi. Macho mekundu, ambayo mara nyingi husababishwa na moshi wa kuni, yalihesabiwa kuwa dalili. Mbele ya sheria mauaji ya namna hiyo ni mauaji kama mengine.

Mtu anayetembea ovyo usiku, asiyejibu akiitwa na mwenye nguo chafu, hutajwa katika filamu kuwa zombi. Katika maisha anaweza kuwa mgonjwa wa akili, mlevi, mwenye kifafa aliyetoka kuzinduka, au mzee aliyepotea kwa kusahau njia. Anahitaji kupelekwa kwao au hospitalini.

Maandalizi ya maafa

Mwezi Mei 2011 taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia udhibiti wa magonjwa, CDC, ilitumia mzaha wa mazombi kuwafundisha wananchi kujiandaa kwa maafa. Orodha yake ilitaja maji, takriban lita 4 kwa kila mtu kwa siku, chakula kisichoharibika, dawa, redio, vitu vya usafi, nakala za hati muhimu na vifaa vya huduma ya kwanza. Ilishauri pia familia ipange mahali pa kukutana. Chombo chenye makali kilichotajwa kilikuwa kisu cha kazi tu. Orodha hiyo inafaa pia kwa mafuriko, tetemeko la ardhi au mlipuko wa kipindupindu, ambapo hakuna adui wa kupigwa.