Kodi Njema Hupangwa kwa Miaka Mingi

Wazee wa Uganda hawajasahau zama ambazo mwanamume mzima hakuthubutu kusafiri bila tikiti ya kodi mfukoni. Aliyekosa tikiti alikamatwa njiani, na wengine walilala porini usiku ili wasikutwe nyumbani. Mizizi ya kodi hiyo ya kichwa ilianzia Mkataba wa 1900, uliomtoza kila mwenye nyumba katika Buganda rupia 3 kwa mwaka.

Mwaka 2005 kodi hiyo ilisimamishwa, na wananchi wakashangilia. Lakini wilaya zilipoteza pato lao kubwa, nazo zikazidi kuitegemea Hazina Kuu. Kodi mpya ya huduma za wilaya ilitungiwa sheria mwaka 2008. Hapo ndipo funzo lilipo: kodi mbaya ni halali kuondolewa, lakini ni lazima kwanza ijulikane ni nini kitakachojaza pengo lake.

Haraka ya kuanzisha kodi nayo ina hasara yake. Kodi ya ongezeko la thamani ilipoanza Julai 1996, kwa asilimia 17, wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka yao. Serikali ililazimika kupandisha kiwango cha mauzo kinachomwingiza mtu katika kodi, kutoka shilingi milioni 20 hadi milioni 50. Julai 2018 ikaja kodi ya asilimia 1 juu ya fedha zinazotumwa kwa simu. Malalamiko yakawa makubwa, na kabla mwaka haujaisha ikapunguzwa kuwa nusu ya asilimia, tena kwa mwenye kutoa fedha tu.

Kwa sababu hizo, mwaka 2019 serikali ilitoa mpango wa miaka mitano wa kukuza mapato ya ndani. Shabaha yake ilikuwa kodi ifikie asilimia 16 hadi 18 ya pato la taifa. Shabaha hiyo haikufikiwa, lakini njia yenyewe ni sahihi: mkulima, mwenye duka na mwekezaji wajue mapema watakachodaiwa.

Jambo hili laigusa pia nyumba ya askari. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 1997 iliusamehe mshahara wa mwanajeshi, polisi na askari magereza, isipokuwa walioajiriwa kwa kazi za kiraia. Hata hivyo, mkewe anunuapo sabuni dukani hulipa kodi iliyomo ndani ya bei. Naye mwenyewe akituma fedha kijijini, mama yake hukatwa azitoapo. Kwa hiyo hakuna nyumba iliyo nje ya kodi.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kisiwe na tundu. Mwananchi hutoa kwa moyo aonapo dawa zahanati, mwalimu darasani na barabara inayopitika. Sera ya kodi isiyomwonyesha hayo, hata iandikwe kwa miaka ishirini, itamrudisha porini.