Redio Kuukuu Isitupwe



Mzee wetu mmoja hapa Guangzhou alikuwa na redio kuukuu ya ridhaa, ya vali, aliyodhani imekwisha. Mwezi uliopita tuliifungua. Ugonjwa wake ni wa kawaida: kapasita zilikuwa zimekauka, na swichi zimeota kutu.

Wenye watoto tunawausia hili. Redio ya vali hubeba umeme wa mamia ya volti, na umeme huo huweza kubaki ndani ya kapasita hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Fundi huutoa kwanza, akapima kwa mita, ndipo atie mkono.

Tulilehemu kapasita mpya, tukatandaza waya dirishani. Katika megahezi 14, mawimbi mafupi hurudishwa chini na anga ya juu, nayo sauti huvuka bahari bila satelaiti. Saa tatu usiku hapa, nyumbani ni saa kumi alasiri. Tulitega sikio tukingoja alama ianzayo 5H, ya Tanzania, au 5Z, ya Kenya.

Usiku wa tatu 5Z ikasikika, hafifu. Mzee akanyakua kipaza sauti. Tukamzuia: hapa China, kurusha bila cheti na leseni ni kosa, na ugeni si udhuru. Akakiweka chini, akasikiliza hadi sauti ilipofifia.

Sasa anaulizia masharti ya leseni. Nanyi mlio na redio kama hiyo, msiitupe. Wala msiiache wazi mbele ya watoto.