Gari Limeagizwa, Arbuni Imelipwa, Tarehe Haifiki

Kila tarehe 1 Machi na 1 Septemba, Uingereza hutoa namba mpya za magari, na wauzaji huzisubiri siku hizo kwa hamu kuliko nyingine zote za mwaka. Ilipofika 1 Septemba 2025, Jaguar Land Rover ilikuwa imelazimika kuzima mifumo yake ya kompyuta baada ya kuvamiwa na wadukuzi. Viwanda vyake vya Solihull, Halewood na Wolverhampton vilisimama zaidi ya mwezi. Hata magari yaliyokwisha kufika kwa mawakala yalikwama siku za mwanzo, kwa kuwa usajili wake nao ulipitia kwenye mifumo hiyohiyo. Gari lipo, limeoshwa, funguo ziko mezani, na mwenyewe haruhusiwi kuondoka nalo.

Najua, wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki hatununui Range Rover. Lakini foleni ya magari mapya inamgusa pia dada anayezunguka nyumba kwa nyumba Northampton akihudumia wazee, muuguzi wa zamu za usiku Leicester ambako basi la mwisho limeshapita, dereva wa teksi Birmingham, na mzee wetu anayepanga kufunga mizigo arudi Nakuru au Tanga na gari lake. Kwa watu hawa gari ni kitendea kazi, na likichelewa wanaumia. Hata hivyo, nikisikiliza malalamiko yanayoletwa kwenye vikao vyetu, naona kinachowaumiza zaidi si kusubiri. Ni tarehe nyingine zilizofungwa kwenye gari hilo bila wao kujua: bei ya gari la zamani, riba ya mkopo, kodi, viza, na kwa wanaorejea nyumbani, miezi 12 ya forodha.

Tuanze na sababu, maana muuzaji akikwambia tu kwamba kuna tatizo kiwandani, unapaswa kujua ni tatizo la aina gani. Mwanzoni mwa 2020, korona ilipofunga maduka, watengenezaji magari walifuta oda zao za chipu, vile vipande vidogo vya kielektroniki vinavyoendesha kila kitu garini kuanzia breki hadi vioo vya madirisha. Viwanda vya chipu havikukaa bure. Vikageukia kompyuta na simu za watu waliojifungia majumbani. Mwisho wa mwaka wateja wa magari waliporudi, watengenezaji wakawa kama mtu aliyetoka kwenye foleni ya kinu cha kusaga akarudi kudai nafasi yake. Chipu huchukua miezi mitatu hivi au zaidi kutengenezwa, na gari la kisasa linabeba zaidi ya elfu moja. Februari 2021 baridi kali ikazima viwanda vya chipu huko Texas, na tarehe 19 Machi moto ukaunguza kiwanda cha Renesas kule Naka, Japani.

Matokeo yake yalionekana hadi kwenye dashibodi. Peugeot iliyatoa baadhi ya magari ya 308 yakiwa na saa za mishale badala ya skrini, na BMW ikauza mengine bila skrini za kugusa. Mwaka 2022 Uingereza ilisajili magari mapya milioni 1.61 tu, idadi ya chini kuliko zote tangu 1992. Kule Japani, Toyota ilitangaza Januari 2022 kwamba anayeagiza Land Cruiser 300 huenda akasubiri hadi miaka minne. Wanunuzi wa huko waliwekeshwa sahihi kwamba hawataliuza gari hilo kabla ya mwaka kupita, kwa sababu kampuni ilijua fika kuna watu ng'ambo wanalingojea kwa pesa nyingi zaidi. Sisi tunaotoka nchi za Land Cruiser tunawafahamu baadhi yao.

Uhaba ule ulipungua, lakini mfumo umebaki dhaifu vilevile. Tarehe 1 Machi 2022 Toyota ilisimamisha viwanda vyake vyote 14 vya Japani kwa siku nzima kwa sababu mtengenezaji mmoja wa vipuri, Kojima, alidukuliwa. Mwezi huohuo Volkswagen na BMW zilipunguza kazi kwa kukosa nyaya zinazofungwa Ukraine. Oktoba 2025 mvutano kati ya Uholanzi na China kuhusu kampuni ya Nexperia ulizuia chipu za bei ya chini kabisa, na Honda ikapunguza uzalishaji Amerika Kaskazini. Baharini nako hali ni hiyohiyo. Ever Given ilikwama Suez siku sita Machi 2021. Felicity Ace iliungua na kuzama Atlantiki mwaka uliofuata ikiwa na magari kama 4,000 ya kundi la Volkswagen. Tangu Wahouthi wa Yemen walipoiteka meli ya magari ya Galaxy Leader katika Bahari ya Shamu tarehe 19 Novemba 2023, meli nyingi kutoka Asia zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari kuongezeka kwa siku kumi hadi wiki mbili.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si "gari langu litakuja lini?" Atakujibu neno la kukutuliza, nawe utakata simu umeridhika bure. Muulize gari liko hatua gani. Je, kiwanda kimeshaipokea oda, au bado imekaa kwenye kompyuta ya wakala? Limeshapangiwa wiki ya kutengenezwa? Limepata namba ya chasisi? Namba hiyo ndiyo mstari wa mpaka. Kabla haijatoka, unachosubiri ni ahadi. Ikishatoka, kuna chuma chenye jina lako. Na kama limeshapakiwa, omba jina la meli, kwa sababu meli hufuatiliwa bure mtandaoni na utaiona mwenyewe ikikaribia Southampton au Bristol. Kuna swali jingine ambalo wauzaji hawalipendi: ni kifaa kipi kati ya nilivyochagua kinachochelewesha? Mara nyingine ni paa la kioo tu au spika za kifahari. Ukikubali kukiacha, gari linaweza kuruka miezi kadhaa ya foleni.

Sasa tarehe zenyewe. Ukilitoa gari lako la zamani kama sehemu ya malipo, bei uliyoandikiwa siku ya kuagiza ina ukomo wake, na inategemea umbali litakaokuwa limetembea. Anayefanya kazi ya kuzunguka nyumba za wagonjwa hujaza maili haraka. Miezi minane ya kuchelewa inaweza kumega sehemu kubwa ya kianzio chake. Riba nayo haikungoji. Mpaka katikati ya Desemba 2021 riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa asilimia 0.1, kufikia Agosti 2023 ilikuwa 5.25. Aliyeagiza gari mwanzoni mwa kipindi hicho akiwa na hesabu ya mkopo mkononi, kisha akalipokea mwishoni, alisaini mkopo mwingine kabisa kwa gari lilelile. Mkopo hukamilika gari linapokaribia kutolewa, wala si siku unapopewa kahawa na kupeana mikono na muuzaji.

Kwa walioko hapa kwa viza ya kazi kuna jambo la ziada lisilotajwa kwenye matangazo. Baadhi ya wakopeshaji hutaka mkopo uishe kabla ya viza kuisha. Viza ikiwa imebakiza miaka mitatu na gari likachelewa mwaka, uliyekubaliwa mkopo wa miaka mitatu utaambiwa uulipe kwa miwili, na rejesho la mwezi litapanda kwa kiasi cha kukukosesha usingizi. Uliza hilo kabla ya kuchagua rangi.

Kodi hufuata siku ya usajili, haijali uliagiza lini. Magari ya umeme yaliyosajiliwa Uingereza kuanzia 1 Aprili 2025 yaliingizwa kwenye tozo ya ziada ya magari ya bei ya juu. Yale yaliyosajiliwa siku moja kabla yalisalimika. Ndugu zetu wa Ujerumani walionja shubiri zaidi. Serikali yao ilitangaza Jumamosi, 16 Desemba 2023, kwamba ruzuku ya magari ya umeme inafungwa kesho yake, na haikuwezekana kuiomba kabla gari halijasajiliwa. Waliokuwa wameagiza tangu kiangazi na bado wanangoja walikosa maelfu ya yuro kwa usiku mmoja, ingawa baadhi ya watengenezaji baadaye walijitolea kulifidia pengo hilo.

Nikae kidogo kwenye suala la kurudi nyumbani, kwa sababu hapa ndipo naona watu wetu wakipotea kwa wingi. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamruhusu anayehamia nyumbani kuingiza gari moja bila ushuru, mradi amelimiliki na kulitumia mwenyewe nje ya Jumuiya kwa angalau miezi 12. Siku za gari kuwa melini hazihesabiwi. Kenya ina masharti yake pia: uwe umeishi nje si chini ya miaka miwili, na ndani ya miaka hiyo miwili usiwe umekaa nchini zaidi ya siku 90 kwa jumla. Fanya hesabu. Umeagiza gari Januari, ukaahidiwa Aprili, na tiketi ya kurudi umeipanga Mei ya mwaka unaofuata. Gari likija Oktoba, miezi 12 inatimia Oktoba nyingine, nawe Mei umeshafika Kisumu, mkataba wa nyumba umeuvunja na watoto wameshaandikishwa shule. Tofauti ya ushuru kwa gari jipya si pesa ya kupuuza. Inaweza kukaribia bei ya kiwanja.

Halafu kuna mtego ndani ya mtego. Gari la mkopo wa PCP, ule wa malipo ya kila mwezi na fungu kubwa mwishoni, ni mali ya kampuni iliyokukopesha hadi ulipe fungu hilo. Ile hati ya usajili yenye jina lako inakutaja kama mtunzaji wa gari, na imeandikwa waziwazi kwamba si uthibitisho wa umiliki. Kulisafirisha gari hilo nje bila idhini ya mkopeshaji ni kuvunja mkataba. Anayejua atarudi nyumbani ndani ya miaka miwili, ushauri wangu ni asiagize gari la kutengenezwa. Anunue lililopo uani, la usukani wa kulia, alilipe limalizike, aanze kuhesabu miezi yake.

Kuhusu haki zako, Uingereza ina Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015. Pasipokuwa na makubaliano mengine, bidhaa inapaswa kufika ndani ya siku 30. Ila fomu ya kuagizia gari karibu kila mara ina makubaliano mengine: chini kabisa, kwa herufi ndogo, tarehe imeitwa ya makadirio. Muda uliokubaliwa ukipita, unaweza kumpa muuzaji muda mwingine wa kutosha, na huo ukipita unavunja mkataba na kudai pesa zote ulizolipa. Kama tarehe ni ya lazima kwako, mwambie kabla ya kusaini, kwa maandishi, kwa sababu hapo ikipita huhitaji kumwongezea muda. Mazungumzo ya simu hayatakusaidia; baada ya kila simu andika barua pepe fupi yenye yale mliyozungumza.

Arbuni ilipe kwa kadi ya mkopo, hata kama ni pauni mia tatu tu. Kwa kitu cha bei ya zaidi ya pauni 100 hadi 30,000, kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya mwaka 1974 kinaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji, hata kama ulicholipa kwa kadi ni sehemu ndogo ya bei. Kadi ya kawaida ya benki haina kinga hiyo, na pesa taslimu ndiyo kabisa. Wale mnaonunua kwa pesa za chama, tafadhali msizihamishe zote kwa wakala kwa ajili ya gari ambalo halina namba ya chasisi. Wakala akifilisika, mtasimama kwenye mstari wa wadai pamoja na waliomuuzia matairi.

Wakati unangoja, usiliuze gari la zamani. Likague, lipitishe ukaguzi wa kila mwaka wa MOT mapema, badilisha matairi mawili yanayolalamika, uendelee kulisukuma. Kama ni la kukodi na mkataba unakaribia kuisha, omba kuongezewa mwezi kwa mwezi. Kampuni nyingi hukubali pale gari jipya linapokuwa limeagizwa kwao. Na mwombe muuzaji akukumbuke pale mteja mwingine anapoghairi. Magari ya namna hiyo hujitokeza mara kwa mara, rangi huenda isiwe ya ndoto yako, lakini yako tayari. Kwa mtu anayelipwa kwa zamu, gari la kijivu wiki ijayo linamfaa kuliko jekundu la mwakani.

Mkishindwa kuelewana, kuna The Motor Ombudsman. Mlalamikie kwanza wakala kwa maandishi na umpe wiki nane za kujibu, kisha peleka shauri huko. Mteja halipi chochote. Ila huduma hiyo inawahusu mawakala waliojiunga nayo tu, kwa hiyo tafuta jina la wakala wako kwenye orodha yao kabla hujatoa kadi mfukoni.