Mazoezi ya Mwili na Udhibiti wa Neva juu ya Shinikizo la Damu: Mtazamo kutoka Longisa

Utangulizi

Longisa ni mji mdogo ulio kando ya barabara itokayo Bomet kuelekea Narok, upande wa mashariki wa nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Humo ndimo ilimo hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Bomet. Mgonjwa apimwaye huko, kama kwingineko nchini Kenya, akikutwa na shinikizo la juu la damu huambiwa kwa neno moja tu: ana presha. Neno hilo lina utata. Katika mazungumzo ya kila siku, presha ni ugonjwa; lakini presha pia ni mahangaiko ya moyo, kama asemapo mtu, "Usinipe presha." Hatari ya utata huu ni kwamba mgonjwa aweza kudhani ugonjwa wake huja akikasirika na kuondoka akitulia, kisha akameza dawa siku za hasira tu.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi neva zinavyotawala shinikizo la damu, na jinsi mazoezi ya mwili yanavyourekebisha utawala huo pale unapoharibika. Tutaona kwamba maana hizo mbili za presha zina uhusiano wa kweli, ingawa si kitu kimoja.

Ushahidi wa nyumbani

Mnamo 1929, daktari Mwingereza C. P. Donnison alichapisha matokeo ya kuwapima watu 1,000 katika eneo la Kavirondo Kusini, ambalo leo limo katika Nyanza, magharibi mwa Bomet. Katika watu hao, shinikizo halikupanda kwa uzee kama lilivyopanda kwa Wazungu, na katika wagonjwa waliolazwa hospitalini mwake hakuona ugonjwa huu.

Miongo sita baadaye, mnamo 1990, N. R. Poulter na wenzake walichapisha utafiti juu ya Waluo waliohama kutoka vijijini kwenda Nairobi. Shinikizo la wahamiaji lilikuwa limepanda kuliko la wenzao waliobaki, na tofauti hiyo ilionekana mapema baada ya kuhama. Chumvi katika chakula ilichangia. Hata hivyo, mapigo ya moyo ya wahamiaji nayo yalikuwa ya kasi zaidi, dalili iliyowafanya watafiti washuku kwamba neva nazo zilihusika.

Leo tatizo limeenea. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba takribani asilimia 24 ya Wakenya wenye umri wa miaka 18 hadi 69 walikuwa na shinikizo la juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa.

Neva zinavyotawala shinikizo

Katika ateri kubwa za shingoni, na katika aota pale inapotoka moyoni, kuna vitambuzi vya shinikizo. Damu ikisukuma kwa nguvu, kuta za ateri hutanuka na vitambuzi hivyo hupeleka habari kwenye shina la ubongo. Shina la ubongo hujibu kwa njia mbili. Kwanza, huiamuru neva ya vagasi ipunguze kasi ya moyo. Pili, huzinyamazisha neva za simpathetiki, yaani zile zinazoharakisha moyo, kubana mishipa ya damu na kuzihimiza figo zihifadhi chumvi. Shinikizo likishuka, amri hugeuzwa. Hayo yote hutendeka katika muda wa sekunde chache, bila mtu kujua.

Hasira na hofu huamsha neva hizo za simpathetiki. Ndiyo maana presha ya moyoni hupandisha presha ya damu kwa muda. Ugonjwa ni jambo jingine. Kwa wagonjwa wengi, neva hizo hubaki macho hata mtu akiwa amelala, na vitambuzi huzoea shinikizo la juu na kulihesabu kuwa la kawaida. Ni sawa na mlinzi aliyezoea kelele hata haamki tena.

Mazoezi hubadilisha nini?

Wakati wa mazoezi, shinikizo hupanda, kwa kuwa misuli inahitaji damu zaidi. Mazoezi yakimalizika, neva za simpathetiki hutulia na mishipa hutanuka, hata shinikizo likawa chini kuliko lilivyokuwa kabla. Nafuu hiyo hudumu kwa saa kadhaa.

Mazoezi yakiwa desturi, badiliko hukita mizizi. Mnamo 2007, watafiti wa Sao Paulo, Brazili, walitoa matokeo ya wagonjwa ambao hawakuwa wamewahi kutumia dawa. Baadhi yao walifanya mazoezi mara tatu kwa juma kwa miezi minne. Watafiti walipima mishindo ya neva za simpathetiki kwa sindano nyembamba iliyoingizwa katika neva ya mguu. Kwa waliofanya mazoezi, mishindo hiyo ilipungua ikalingana na ya watu wazima wa afya, na vitambuzi vya shinikizo vikarejea kufanya kazi yake barabara. Mlinzi alikuwa ameamka.

Kwa wagonjwa, mazoezi ya kawaida hushusha shinikizo la juu kwa takribani milimita 5 hadi 8 za zebaki. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma. Kwa mkazi wa Longisa aliyezoea kupanda bodaboda, kutembea kwa haraka nusu saa kwa siku, siku tano kwa juma, kunatosha kuanzia. Ni tofauti na kunyanyua gunia zito huku pumzi imezuiwa. Tendo hilo hupandisha shinikizo ghafla. Aidha, mazoezi yakiachwa, faida yake hutoweka, na hayampi mgonjwa ruhusa ya kuacha dawa bila shauri la daktari. Mwenye shinikizo lililopanda mno hana budi kumwona daktari kabla ya kuanza.

Hitimisho

Tumeona kwamba presha ya hasira hupita, bali ugonjwa hukaa kimya. Na kwamba mazoezi huzifunza neva upya kazi zilizoisahau. Kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, suala hili si la madaktari peke yao. Neno presha limekwisha kukubalika, wala si lazima tulifukuze. Lililo juu yetu, tuitwapo kutafsiri au kuandika maelezo ya afya, ni kuongeza sentensi moja au mbili zinazotenga maana zake. Kwa mgonjwa anayetoka hospitalini na karatasi ya dawa mkononi, sentensi hizo zaweza kuwa tofauti ya kumeza dawa kila siku na kuzimeza siku za hasira tu.