Fedha ya Tajiri Imenunua Nini?

Agosti 2023, Liverpool na Chelsea waligombea kiungo mmoja hadi bei ikapaa. Liverpool walifika pauni milioni 111, Brighton wakaitikia, lakini mchezaji mwenyewe, Moisés Caicedo wa Ecuador, akasema anataka kwenda Chelsea. Ndani ya siku chache Chelsea wakakubali kulipa milioni 100, pamoja na nyongeza za masharti zinazoweza kuifikisha bei kwenye 115. Vijiweni ubishi ukawa nani kamzidi mwenzake ujanja kati ya wanunuzi hao wawili. Muuzaji hakuzungumzwa sana. Brighton walikuwa wamemchukua kijana huyo kutoka Independiente del Valle, huko kwao Ecuador, Februari 2021, kwa takriban pauni milioni 4.

Wala haikuwa bahati ya mara moja. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Juni 2023, kabla hata senti ya Caicedo haijaingia, Brighton walitangaza faida ya pauni milioni 122.8. Walikuwa wamewauza Marc Cucurella, Yves Bissouma, Leandro Trossard na Alexis Mac Allister, na juu yake wakalipwa fidia na Chelsea kwa kumchukua kocha wao, Graham Potter. Msimu huohuo walimaliza nafasi ya 6 na kukata tiketi ya kucheza Ulaya kwa mara ya kwanza tangu klabu ianzishwe.

Wanaoisimulia habari hii hupenda kuifanya hadithi ya maskini mwenye akili aliyewashinda matajiri. Inavutia, ila si kweli. Mwaka 1997 Brighton waliponea chupuchupu kuondoka kabisa kwenye ligi, uwanja wao wa Goldstone uliokuwa umeshauzwa ukafungwa, wakahamia kucheza mechi za nyumbani Gillingham, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Baadaye wakajibana kwenye uwanja wa riadha wa Withdean hadi 2011. Aliyewatoa huko ni Tony Bloom, mcheza poka aliyetajirika kwa biashara ya kubashiri matokeo ya mechi kwa takwimu, aliyeishika klabu mwaka 2009. Alijenga uwanja mpya wa Amex, kisha kituo cha mazoezi cha Lancing kilichofunguliwa 2014, na kwa miaka mingi akawa anaziba hasara kwa mikopo isiyo na riba. Deni la klabu kwake lilifika karibu pauni milioni 400. Maskini gani huyo?

Kwa hiyo ukubwa wa mfuko peke yake hauitenganishi Brighton na klabu zilizofilisika. Cha kuangalia ni kile fedha ilichonunua. Sehemu kubwa ya fedha ya Bloom ilikwenda kwenye vitu ambavyo vingebaki hata kama yeye angeondoka kesho yake: uwanja wenye viti vya kuuza kila wiki mbili, viwanja vya mazoezi, na idara ya skauti inayochambua takwimu za ligi ambazo wakubwa hawazitazami. Kaoru Mitoma aliokotwa Japani kwa bei ya chini ya beki wa kawaida wa daraja la pili la England, akapelekwa kwa mkopo Union Saint-Gilloise ya Ubelgiji, klabu nyingine ambamo Bloom alikuwa na hisa, ndipo akarudi kuwasumbua mabeki wa Ligi Kuu.

Ili kuelewa kwa nini biashara hii inalipa kiasi hicho, inabidi kuingia kwa mhasibu. Klabu inaponunua mchezaji kwa pauni milioni 100, mhasibu haandiki gharama yote siku ya usajili. Anaigawa kwa miaka ya mkataba. Mkataba wa miaka 5 unaleta gharama ya milioni 20 kila mwaka. Mkataba wa miaka 8, kama aliopewa Caicedo, unaishusha hadi milioni 12.5. Ndiyo maana wamiliki wapya wa Chelsea waliwafunga wachezaji kwa mikataba mirefu isiyo ya kawaida: Mykhailo Mudryk na Enzo Fernández, wote wa Januari 2023, walitia saini ya miaka 8 na nusu. UEFA waliziba mwanya huo katikati ya 2023 kwa kuweka ukomo wa miaka 5 katika hesabu zao, na Ligi Kuu ya England ikafuata Desemba.

Kwa muuzaji mambo ni kinyume. Yeye anatoa kile kilichobaki kwenye vitabu vyake kwa mchezaji huyo, na tofauti yote inaandikwa kuwa faida ya mwaka huohuo. Mchezaji aliyekuzwa kwenye akademi hakununuliwa, kwa hiyo vitabuni thamani yake ni sifuri, na bei yake yote inakuwa faida. Mashabiki wa Chelsea walioumia kuona Mason Mount akiuzwa Manchester United, halafu Conor Gallagher akienda Atlético Madrid, walikuwa wanaona hesabu hiyo ikifanya kazi. Kijana wa nyumbani ndiye anayesafisha vitabu haraka kuliko wote.

Ada za usajili ndizo zinazopigiwa kelele, lakini klabu huzama kwa mishahara. Ada hulipwa ikaisha, tena mara nyingi kwa awamu. Mshahara unarudi kila mwezi, timu ishinde isishinde, na mkataba haujali kwamba mmepoteza nafasi ya kucheza Ulaya.

Leicester City ni mfano wa karibu zaidi, na unauma kwa sababu haukuwa mfano wa wapumbavu. Vichai Srivaddhanaprabha, mfanyabiashara wa Thailand mwenye maduka ya King Power yasiyotoza ushuru, aliinunua 2010 ikiwa daraja la pili. Mwaka 2016 ikawa bingwa wa England. Baada ya hapo ilikuwa na utaratibu wa kusifiwa: kila kiangazi inauza mmoja kwa bei kubwa, inanunua wawili watatu wanaochipukia. N'Golo Kanté akaenda Chelsea, Riyad Mahrez Manchester City, Harry Maguire Manchester United kwa pauni milioni 80, Ben Chilwell Chelsea. Hata kifo cha Vichai katika ajali ya helikopta Oktoba 2018 hakikuiyumbisha mara moja. Mwanawe alichukua usukani, timu ikamaliza nafasi ya 5 misimu miwili mfululizo, na Mei 2021 ikatwaa Kombe la FA kwa bao la Youri Tielemans dhidi ya Chelsea.

Kisha kiangazi cha 2021 hawakuuza nyota yeyote. Walinunua, wakapandisha mishahara kwa matumaini ya Ligi ya Mabingwa, wakati UVIKO-19 ilikuwa imeyafunga maduka ya viwanja vya ndege yaliyokuwa yanaingiza fedha kwa mwenye klabu. Kufikia msimu wa 2022/23 mishahara ilikuwa pauni milioni 206 na mapato yote milioni 177. Kwa kila pauni 100 iliyoingia, 116 zilikwenda kwenye mishahara peke yake, kabla ya umeme, safari na nyasi. UEFA wanaziambia klabu zinazocheza mashindano yao kwamba mishahara, ada za mawakala na gharama za usajili kwa pamoja zisizidi asilimia 70 ya mapato. Mei 2023 Leicester ikashuka daraja. Tielemans, ambaye bei yake miaka miwili nyuma ingeziba pengo kubwa, aliondoka bure kwa kuwa mkataba wake ulikwisha. Walipanda tena 2024, wakashuka tena 2025.

Kuna kanuni zinazojaribu kuzuia hali hii. Kwa miaka zaidi ya kumi klabu za Ligi Kuu ya England ziliruhusiwa hasara isiyozidi pauni milioni 105 kwa kipindi cha miaka 3, huku matumizi ya uwanja, akademi na timu ya wanawake yakiachwa nje ya hesabu hiyo. Msimu wa 2023/24 Everton walinyang'anywa pointi 10, zikapunguzwa kuwa 6 baada ya rufaa, halafu wakaongezewa adhabu ya 2. Nottingham Forest wakapoteza 4. Kanuni hizi zina kasoro yake: aliyewahi kutumia kabla hazijawa kali alishajijengea mapato makubwa, na anayekuja nyuma anazuiwa kupita njia ileile. Newcastle chini ya wamiliki wao wa Saudi Arabia wana fedha wasizoweza kuzitumia wapendavyo. Lakini hata mwenye kuzilalamikia hawezi kusema zimewekwa bila sababu. Portsmouth walibeba Kombe la FA 2008 kwa bao la Nwankwo Kanu. Msimu wa 2009/10 klabu ilipita mikononi mwa wamiliki wanne, wachezaji wakicheleweshewa mishahara, na Februari 2010 ikawa ya kwanza ya Ligi Kuu kuwekwa chini ya msimamizi wa mufilisi. Kufikia 2013 ilikuwa daraja la nne, na walioiokoa ni mashabiki wake waliochanga wakainunua.

Lingine ambalo shabiki hulisahau ni jina ambalo fedha ya mwenye klabu imepewa kwenye vitabu. Ikiingia kama hisa, imeshaingia, haidaiwi. Ikiingia kama mkopo, klabu ni mdaiwa wa mtu mmoja, na usalama wake ni tabia ya mtu huyo. Roman Abramovich aliinunua Chelsea 2003 na kwa miaka 19 akaimwagia fedha zilizoleta mataji ya kila aina, ila vitabuni ziliandikwa deni, la takriban pauni bilioni 1.5. Machi 2022 Serikali ya Uingereza ilipomwekea vikwazo kwa sababu ya vita vya Ukraine, klabu bingwa ya dunia ilijikuta haiwezi kuuza tiketi mpya wala jezi, na gharama za safari zikawekewa ukomo wa pauni 20,000 kwa mechi ya ugenini. Abramovich alisema hatalidai deni lake, klabu ikauzwa Mei kwa pauni bilioni 2.5. Angeamua vinginevyo, habari ingekuwa nyingine.

Afrika inayo klabu iliyopitia jaribio hilohilo, na mashabiki wake wanaimba kwa Kiswahili. TP Mazembe ya Lubumbashi imeongozwa na Moïse Katumbi tangu 1997, kwa utajiri uliotokana na huduma za migodi ya Katanga. Ilitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika 2009 na 2010, ikafika fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia, ya kwanza kwa klabu ya Afrika. Mwaka 2011 ikafungua uwanja wake Kamalondo. Mwaka huohuo ilimnunua Mbwana Samatta kutoka Simba, na 2015 akaisaidia kulichukua tena kombe la Afrika kabla ya kwenda Genk. Mei 2016 Katumbi akaondoka nchini kwa misukosuko ya kisiasa na hakurudi hadi 2019. Akiwa uhamishoni Mazembe walitwaa Kombe la Shirikisho mara mbili, 2016 na 2017. Kilichojengwa kiliendelea kuzaa matunda bila yeye kuwepo. Baada ya hapo timu ya wanaume haijapata tena taji la Afrika, ingawa ya wanawake ilitwaa ubingwa wa bara 2024.

Dar es Salaam swali hili limekaa kwa namna yake. Mwishoni mwa 2017 Mohammed Dewji alishinda zabuni ya kuwekeza Simba kwa shilingi bilioni 20, mpango uliofikiwa ukiwa apate hisa asilimia 49 na wanachama wabaki na 51. Mpangilio huo unafanana na kanuni ya Ujerumani inayowataka wanachama kubaki na wingi wa kura. Kwa viwango vya kubadilisha fedha vya miaka hiyo, bilioni 20 ni pauni milioni 6 au 7 hivi, yaani si mbali sana na bei ya usajili wa kijana mmoja asiyejulikana huko Ulaya. Mkataba wa televisheni ambao Azam Media waliingia na TFF 2021 ni wa bilioni 225.6 kwa miaka 10, ugawiwe ligi nzima. Mapato yakiwa ya kiwango hicho, tajiri mmoja au mdhamini mmoja anakuwa na uzito ambao Bloom hana Brighton. Kenya waliliona hilo 2019, SportPesa ilipoondoa udhamini katika mgogoro wa kodi, na Gor Mahia na AFC Leopards wakaachwa wakihangaika.

Azam FC ndiyo inayovuruga nadharia nzuri. Ina uwanja wake Chamazi, ina akademi, ina mwenye mali asiyeyumba. Kwa kipimo cha vitu vinavyobaki, imefanya karibu yote. Ubingwa wake wa ligi ulikuja 2013/14, bila kupoteza mechi, na kuanzia hapo hadi 2024/25 kombe limekuwa likipokezanwa na Yanga na Simba peke yao, klabu zinazochezea mechi kubwa kwenye uwanja wa Serikali. Wao wana mamilioni ya watu wanaonunua jezi, wanaojaza viti 60,000 vya Mkapa na wanaowavuta wadhamini. Hao walianza kujengwa mwaka 1935 na 1936, na hakuna hundi inayoweza kufupisha safari hiyo.

England hesabu za klabu huwasilishwa kwa msajili wa makampuni na yeyote anaweza kuzifungua. Hapa kwetu zinasomwa kwa wanachama siku ya mkutano mkuu, mara nyingi kwa haraka, na makofi hupigwa kwenye jumla ya mapato. Mwanachama mwenye nafasi ya swali moja angeuliza fedha ya mfadhili imeandikwa wapi. Ikiwa ndani ya mapato, iondolewe, kisha mishahara ilinganishwe na kinachobaki: viingilio, jezi, televisheni, ada za uanachama na zawadi za CAF. Ikiwa kwenye madeni, aulize deni hilo linaiva lini na kwa masharti gani. Na ikiwa ni hisa, aulize ni kiasi gani kimeshalipwa.