Gramu 9 zilizoangusha ndege yetu: namna ya kuchagua sevo nyepesi



Leo siongelei mbolea wala viuatilifu. Naongelea sevo. Tangu baadhi yenu muanze kurusha ndege ndogo za rimoti kupiga picha mashamba, swali ninaloulizwa sana si la kamera wala la betri. Ni hili: "Bwana shamba, tununue sevo ipi?" Na mimi nina deni kwenye swali hilo, maana mara ya kwanza nililijibu vibaya.

Kwa asiyeijua: sevo ni kiboksi kidogo chenye mota, gia na saketi ndani yake. Ukisukuma kijiti cha rimoti, sevo inazungusha mkono wake, mkono unavuta waya, waya unainua au kushusha kile kipande kinachocheza nyuma ya bawa. Hapo ndege inakata kona, inapanda au inashuka. Sevo ikifa angani, rimoti mkononi mwako haina kazi tena.

Kilichotupata

Kuna kikundi cha vijana watano wanaolima mpunga ekari 40 huku bondeni Usangu. Msimu mmoja walivuna pungufu kwa sababu majaruba ya katikati yalikosa maji na hakuna aliyeona. Ukisimama kwenye tuta unaona kijani tu. Wakachanga hela wakaunda ndege ya povu gumu, ya bawa tupu bila mkia, upana kama mita moja, uzito gramu 800 na kamera yake. Wakaniuliza kuhusu sevo. Nikawaambia chukueni hizi za gramu 9 zenye gia za plastiki, shilingi 6,000 moja, zinatosha.

Na kweli zilitosha. Siku ya kwanza tuliona madoa ya njano ambayo kwa miguu tungeyakuta baada ya wiki mbili. Vijana wakafungulia maji upande ule.

Siku ya tatu ndege ikiwa kama mita 60 juu, bawa la kulia likalala na halikuinuka. Ikazunguka kama jani, ikaangukia shamba la jirani, hatua chache kutoka kwa mama aliyekuwa akipalilia. Akanyanyuka akaniangalia, akasema, "Bwana shamba, hii ndiyo kilimo cha kisasa? Mngeniua." Sikuwa na la kujibu zaidi ya kumwomba radhi.

Kamera ilizama kwenye tope. Jioni tulifungua ile sevo ya kulia tukakuta gia moja imepoteza meno mawili. Mmoja wao akakumbuka: siku ya pili ndege ilitua kwenye mabua, kipande cha bawa kikagonga kisiki cha mpunga. Kilipojaribiwa kilicheza, basi wakaendelea. Gia ilikwishapasuka siku ile. Angani ilimalizia tu.

Kwa hiyo kosa lilikuwa mara mbili. Mimi niliangalia bei na uzito bila kuuliza ndege itatua wapi. Wao hawakukagua baada ya kugonga.

Uzito: kwa nini tunahesabu gramu

Sevo ya kawaida, ile kubwa, ina kama gramu 40. Ukifunga nne ni gramu 160. Nne za gramu 9 ni gramu 36. Tofauti ni gramu 124, na hiyo ni kamera ndogo nzima.

Kwa ndege yenye mkia, mahali ilipo sevo ni muhimu sawa na uzito wake. Fikiria mtu aliyebeba mzega: mzigo ukiwa mbali na bega unavuta zaidi. Sevo ya gramu 10 ikikaa sentimita 40 nyuma ya mahali ndege inapopata mizani, na pua iko sentimita 20 mbele, utalazimika kuweka gramu 20 puani ili kusawazisha. Gramu 10 zimekuwa 30. Ndiyo maana wengi hufunga sevo karibu na katikati na kupeleka waya mrefu mkiani.

Kwa makadirio ya kuanzia:

1. Ndege chini ya gramu 250: sevo za gramu 4 hadi 5.
2. Ndege ya gramu 400 hadi kilo moja, bawa kama mita moja: sevo za gramu 9, au za gramu 12 hadi 14 zenye gia za chuma.
3. Ndege ya kilo moja hadi mbili: sevo za gramu 12 hadi 17, gia za chuma.

Nguvu: soma namba, halafu pima

Nguvu ya sevo huandikwa kwa kilo-sentimita. Sevo ya 1.5 maana yake ina uwezo wa kuhimili kilo moja na nusu ikining'inia sentimita moja kutoka kwenye skrubu ya mkono. Ukisogeza hadi sentimita mbili, uwezo unabaki nusu, yaani gramu 750. Hivyo funga waya kwenye tundu la ndani la mkono wa sevo, na tundu la nje la pembe iliyo kwenye bawa. Kipande kitacheza kidogo zaidi lakini kwa nguvu na bila kulegalega.

Kwa ndege kama ya wale vijana, 1.5 na kuendelea inafaa. Lakini namba ya kwenye boksi isikulaze, hasa kwa zile zisizo na jina. Jaza chupa ya lita moja maji, ifunge kamba kwenye mkono wa sevo sentimita moja kutoka kwenye skrubu, kisha inyanyue kwa rimoti. Hiyo ni kilo moja na kidogo. Sevo iliyoandikwa 1.5 ikishindwa au ikitetemeka, irudishe dukani. Usiiache imening'iniza muda mrefu, mota itaungua.

Gia: plastiki au chuma?

Plastiki ni nyepesi, haina kelele, na kwa ndege inayotua kwenye nyasi laini haina shida. Ikigongwa, meno yanakatika. Chuma kinaongeza gramu tatu hadi nne kwa kila sevo na bei inapanda. Sisi tulinunua kwa shilingi 14,000. Kinahimili kugonga, lakini kadiri kinavyotumika kinalika na mkono unaanza kulegea. Mkono ukicheza sana bila mota kuzunguka, badilisha.

Ushauri wangu kwa sisi tunaotua kwenye mabua, matuta na vumbi: chuma. Gramu nane za ziada kwa sevo mbili hazikunyimi chochote.

Umeme

Sevo nyingi ndogo zinatumia volti 4.8 hadi 6. Usichomeke moja kwa moja betri ya lithiamu ya seli mbili, maana ikijaa inafika volti 8.4. Tumia tu kama sevo imeandikwa kwamba inakubali volti hizo.

Angalia pia ampea. Sevo ya gramu 9 ikikwama inaweza kula kama ampea 0.7. Nne zikibanwa kwa pamoja ni karibu ampea 3. Kama kifaa kinachotoa volti 5 kwa risiva kina uwezo wa ampea 2 tu, umeme unashuka, risiva inazima na kuwaka upya, na ndege haina mwenyewe kwa sekunde kadhaa. Chagua cha ampea 3 au zaidi.

Kabla hujafunga

Weka kila sevo kwenye mizani ndogo, hata ile ya kupimia mbegu. Iendeshe kushoto na kulia dakika 10 mfululizo. Sikiliza. Inayokwaruza, inayonguruma ikiwa imetulia, au isiyorudi katikati palepale, iweke kando. Usizungushe mkono kwa nguvu za vidole, unaweza kuvunja gia kabla hata ya kuruka. Na unapoifunga, izungushie utepe kwanza ndipo uweke gundi, ili siku ya kuibadilisha usirarue povu.

Kila baada ya kutua, hasa ukigonga kitu, shika kipande cha bawa taratibu, cheza rimoti hadi mwisho pande zote mbili, sikiliza. Ni dakika mbili. Zingetuokolea kamera.

Na kabla ya kurusha chochote, fuata utaratibu wa kibali cha TCAA. Nao ni sehemu ya gharama za shamba, uuweke kwenye bajeti.

Wale vijana hawakuacha, ingawa wawili walitaka kujitoa. Walichanga tena, wakafunga sevo za gia za chuma, na sasa ndege haipandi bila mmoja wao kupita mashamba ya jirani kutoa taarifa. Yule mama wanaanza naye. Juzi alimwita mmoja akamwambia, "Mwanangu, mkipita juu niangalizieni na kwangu, kule mwisho maji hayafiki." Walipiga picha. Kweli hayakuwa yanafika.

Ukikwama kwenye kuchagua, niulize. Safari hii nitakuuliza kwanza unatua wapi.